Semina za kiangazi za miliki ubunifu: Geneva, Munich, Concord au Cape Town?

Kila mwaka unapoanza, matangazo huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mawakili vijana na wanafunzi wa sheria: wiki mbili Geneva, mwezi wa Julai Munich, kozi za krediti Marekani. Watu huuliza jiji, halafu ada, halafu kama cheti kina nembo ya maana. Kinachofundishwa huulizwa mwisho, na mara nyingine hakiulizwi kabisa. Hapo ndipo fedha hupotea, maana sheria ya miliki ubunifu, ile inayolinda kazi za akili kama uvumbuzi, alama za biashara na tungo, haivuki mpaka yenyewe. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iliyotolewa Ujerumani haina nguvu Morogoro. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania Bara, haimbani mfanyabiashara wa Nairobi, na iliyosajiliwa KIPI, ofisi ya Kenya, haimbani wa Kariakoo. Zanzibar nayo ina usajili wake, mbali na ule wa Bara. Mwalimu atakayesimama mbele yako Julai atafundisha, apende asipende, sheria ya pale aliposimama.

Hapa nimechukua semina nne ambazo watu wetu huziulizia zaidi na kuzipima kwa maswali ambayo wakili au ofisa wa Afrika Mashariki anaweza kuwekewa mezani kesho asubuhi. Tarehe na ada hubadilika kila mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka husika ndilo la kuaminiwa. Tabia ya kila mji haibadiliki upesi hivyo.

Nini kipo wapi

Geneva ni mji wa mikataba. WIPO, shirika la miliki ubunifu duniani, lilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Stockholm mwaka 1967, na mwaka 1974 likawa shirika maalumu la Umoja wa Mataifa. Chuo chake huendesha kozi za kiangazi katika nchi mbalimbali, kwa kawaida za wiki mbili, kwa wanafunzi wa miaka ya juu na wataalamu vijana. Ile ya Geneva huandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva na hufanyika Juni. Shirika la Biashara Duniani, lenye mkataba wa TRIPS unaohusu miliki ubunifu katika biashara, lipo mji huohuo, kando ya ziwa.

Munich ni mji wa hataza. Makao makuu ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya yapo pale, pamoja na ofisi ya hataza ya Ujerumani na mahakama ya shirikisho ya hataza. Tangu tarehe 1 Juni 2023, Mahakama ya Pamoja ya Hataza ya Ulaya nayo ina vitengo vyake hapo. Programu ya kiangazi inayojulikana zaidi ni ile inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha George Washington cha Marekani pamoja na kituo cha MIPLC, ambacho Taasisi ya Max Planck na vyuo vikuu washirika walikianzisha mwaka 2003. Masomo ni kwa Kiingereza, na wengi darasani huwa ni Wamarekani waliokuja kutafuta krediti.

Concord ni mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka Boston. Chuo chake cha sheria, Franklin Pierce, kilianzishwa mwaka 1973 na Robert Rines, mvumbuzi na wakili wa hataza (ambaye pia alitumia miaka mingi kumtafuta yule mnyama wa ajabu wa ziwa Loch Ness, na hakumpata). Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha New Hampshire, na jina lake kwenye miliki ubunifu ni kubwa kuliko mji wenyewe. Kozi zake za kiangazi ni za kitaaluma hasa: unakaa wiki kadhaa, unafanya mitihani, unapata krediti.

Cape Town huwachanganya wengi kwa sababu ya kalenda. Kiangazi cha kule ni mwisho wa mwaka, kwa hiyo kozi ambayo WIPO imekuwa ikiiendesha na taasisi za Afrika Kusini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Western Cape, imekuwa ikiangukia Novemba na Desemba. Mkazo wake ni miliki ubunifu pamoja na uhamishaji wa teknolojia, yaani utafiti wa chuo kikuu unavyofika sokoni na nani analipwa.

Swali la kwanza: fulana ya "hakuna matata"

Mwishoni mwa 2018 maelfu ya watu walitia saini ombi mtandaoni kuipinga Disney, iliyokuwa imeomba usajili wa "hakuna matata" Marekani mwaka 1994 na kuupata mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Hasira ilikuwa ya haki kwa namna yake. Maelezo ya kisheria ndiyo yaliyokosekana. Chukua swali hilo ulipeleke kwenye miji yote minne.

Concord watakupa jibu la moja kwa moja kuliko wengine. Alama ya biashara Marekani inasimama juu ya sheria ya mwaka 1946 na juu ya matumizi sokoni. Maneno ya kigeni hutafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mkaguzi huuliza: je, tafsiri hiyo inaieleza bidhaa? Maneno ya kusema hakuna shida hayaielezi fulana kwa lolote, kwa hiyo hayaanguki kwa sababu hiyo. Hakuna mahali ambapo sheria inauliza maneno hayo ni ya nani kwa kuzaliwa. Na usajili huo haumkatazi mtu wa Mombasa au Zanzibar kuyasema wala kuyachapa kwenye fulana zake za nyumbani. Tatizo lake litaanza akitaka kuziuza Marekani.

Geneva hawataishia hapo. Watakuonyesha kwamba tangu mwaka 2000 nchi wanachama wa WIPO zimekuwa na kamati inayojadili maarifa ya jadi, rasilimali za kijenetiki na sanaa za asili. Mkataba wa kwanza kutokana na mazungumzo hayo ulipitishwa Mei 2024, nao unahusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoandamana nazo. Misemo, nyimbo na mitindo ya mavazi bado iko mezani. Utaelewa kwa nini jambo linaloonekana dogo limechukua zaidi ya miaka 20. Mteja wako wa fulana hutamsaidia lolote, ila ukitumwa na wizara kwenye kikao kama hicho utajua pa kukaa na la kusema.

Cape Town wana kitu ambacho Geneva bado wanakijadili: sheria yao ya mwaka 2019 ya kulinda na kuendeleza maarifa ya wenyeji. Na mwaka 2021 jina la chai ya rooibos lilisajiliwa Umoja wa Ulaya kama jina la asili linalolindwa. Kwa mtu anayefikiria karafuu za Zanzibar au tanzanaiti, huo ni mfano wa karibu kuliko wa jibini za Ufaransa ambazo kila mhadhiri wa Ulaya anazo mfukoni.

Munich swali hili si lao.

Swali la pili: mashine iliyoonyeshwa Sabasaba

Fundi ametengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Julai ameipeleka Sabasaba, watu wameizunguka, wamepiga picha, wameuliza bei. Septemba anakuja ofisini kwako anataka hataza.

Aliyesoma Munich atashika kichwa. Ulaya inadai upya kamili: kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa, hata kama aliyekionyesha ni mvumbuzi mwenyewe, si kipya tena. Vighairi vipo lakini ni vyembamba mno. Aliyesoma Concord atatulia. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu yeye mwenyewe alipouweka uvumbuzi wake hadharani, na msamaha huo ulibaki hata baada ya nchi hiyo kuhamia, tarehe 16 Machi 2013, kwenye utaratibu wa kumpa haki anayetangulia kuwasilisha ombi. Mashine ni moja na Sabasaba ni ileile, lakini majibu ni mawili yanayopingana, na yote ni sahihi kwao.

Fundi wako hauzi Ulaya wala Marekani, anauza Kibaigwa na labda Eldoret. Anachohitaji ni sheria ya Tanzania, na ile Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 ya ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu Afrika, ambayo kwa ombi moja lililopelekwa Harare inakuwezesha kuchagua nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Pengine anahitaji ule ulinzi wa uvumbuzi mdogo ambao haudai kimo cha hataza kamili. Hakuna hata semina moja kati ya hizi nne inayolishughulikia hilo ipasavyo. Cape Town iko Afrika, ndiyo, lakini Afrika Kusini si mwanachama wa ARIPO. Usishangae ukikaa wiki mbili darasani na Itifaki ya Harare ikatajwa mara moja tu, kwa adabu.

Kwenye hataza Afrika Kusini ina upekee mwingine ambao lazima uujue kabla hujaenda. Kwa miaka mingi ofisi yao imekuwa ikitoa hataza kwa kukagua fomu na si uvumbuzi wenyewe. Ndiyo maana Julai 2021 ilitoa hataza iliyomtaja mvumbuzi kuwa mfumo wa akili unde uitwao DABUS, huku Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mahakama za Marekani na Mahakama ya Juu ya Uingereza zikikataa maombi ya aina hiyohiyo. Kama kazi yako ni kuandika madai ya hataza, yale maelezo yanayoweka mpaka wa kile unachokimiliki, Cape Town haitakunoa. Munich itakunoa. Kule utamkuta mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akibishania maana ya neno moja ndani ya dai la hataza, na baada ya siku tatu utaanza kumwelewa.

Swali la tatu: dawa

Hili nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalotugusa wote na ndilo ambalo mawakili wengi wazuri hawalijui. TRIPS inazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani kulinda hataza, zikiwemo za dawa. Lakini nchi zilizo kwenye kundi la zenye maendeleo duni zaidi zimeongezewa muda: kwa sehemu kubwa ya mkataba hadi tarehe 1 Julai 2034, na kwa dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, au mpaka nchi itakapotoka kwenye kundi hilo, lolote litakalotangulia. Tanzania imo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Kenya haimo.

Maana yake kiwanda cha dawa cha Kampala na cha Nairobi havisimami mahali pamoja kisheria, hata kama vinatengeneza kidonge kilekile. Na nchi yenye nafasi hiyo inaweza isiitumie, kwa sababu tu sheria yake ya ndani iliandikwa kana kwamba nafasi haipo. Geneva ndiyo pekee kati ya minne ambako utalisikia hili kutoka kwa watu waliokuwemo chumbani au waliokaa karibu na mlango. Concord unaweza kumaliza kozi nzima bila kulisikia, na si kosa lao, kwani wanafundisha Wamarekani.

Upande wa hakimiliki tofauti ni ndogo kwa anayechagua semina. Kumbuka tu kwamba ile kanuni pana ya matumizi ya haki ya Marekani, inayomruhusu hakimu kupima mambo manne na kuamua, haimo hivyo kwenye sheria zetu, ambazo hutaja vighairi kimoja kimoja. Muda nao si mmoja: Marekani kwa kawaida ni maisha ya mtunzi na miaka 70, Kenya na Tanzania ni maisha na miaka 50. Waliosoma kule wakarudi kuwashauri watu wa filamu wa Dar kwa kanuni za Marekani wapo, na ushauri wao una gharama.

Viza, kalenda na mfuko

Cape Town inashinda hapa bila jasho. Mtanzania na Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi. Wakenya waliipata nafasi hiyo kuanzia Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka. Geneva na Munich zote ni viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ombi lipelekwe angalau siku 15 kabla ya safari, ila anayengoja mpaka siku 15 anajitakia. Peleka miezi miwili au mitatu kabla. Mlango hufunguliwa miezi sita kabla. Barua ya kukubaliwa na WIPO au chuo husaidia, lakini ofisa wa viza anataka kuona utarudi: barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo, taarifa ya benki isiyoonekana imejazwa wiki iliyopita.

Marekani ni ngumu zaidi. Kozi ya krediti ya muda wote hudai viza ya mwanafunzi, na huwezi kuiomba kabla chuo hakijakutumia fomu ya I-20. Kuna ada ya viza ya dola 185 na ada nyingine ya usajili wa wanafunzi ya dola 350, zote kabla hujanunua tiketi. Masharti nayo yamekuwa yakibadilika. Juni 2025 Burundi iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya viza, zikiwemo za wanafunzi. Angalia hali ya nchi yako wiki hiyohiyo unayotaka kulipa.

Kwa wakili anayesimama mahakamani, kalenda inaweza kuamua kila kitu. Likizo ya Mahakama Kuu ya Kenya ya katikati ya mwaka huanza tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, na ya Tanzania huanza tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari. Geneva ya Juni na Munich ya Julai hazigusi likizo yoyote kati ya hizo, kwa hiyo utaacha mashauri kwa mwenzako. Cape Town ya mwisho wa mwaka huishia karibu kabisa na mlango wa likizo ya Tanzania.

Kuhusu fedha, ada ya WIPO kwa kawaida si ndiyo inayouma. Kinachouma Geneva ni kulala na kula. Tafuta malazi ya wanafunzi mapema. Ukilala kwenye hoteli au hosteli utapewa kadi ya kupanda mabasi na tramu bure kwa siku zako, na hiyo si haba. Vyuo vya Marekani hutoza kwa krediti, hata programu ikiwa inafanyikia Munich, na hapo ndipo watu huanza kuandika barua za kuomba ufadhili wakiwa wamechelewa.

Ningechagua ipi

Kabla ya yote ningefanya kozi ya DL-101 ya Chuo cha WIPO mtandaoni. Ni bure, inapita juu ya matawi yote makuu, na itakuonyesha kama unapenda jambo hili au unapenda picha za kando ya ziwa Leman. Anayeingia semina yoyote bila msingi huo hutumia wiki ya kwanza kujifunza tofauti ya hataza na hakimiliki, na hiyo ni wiki ya gharama.

Ofisa wa BRELA au KIPI, wa COSOTA au KECOBO (ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya), au wa wizara, pamoja na mtu wa asasi inayoshughulika na dawa, mbegu au wakulima: Geneva, bila kusita. Mtafiti au msimamizi wa ofisi ya ubunifu ya chuo kikuu, Cape Town, hasa kwa ajili ya sheria yao ya mwaka 2008 kuhusu matokeo ya utafiti unaogharimiwa na fedha za umma. Ukikaa Sokoine au kwenye Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha utajua haraka kwa nini swali la nani anamiliki matokeo hayo haliepukiki. Mhandisi au mkemia aliyeamua kuishi kwa kuandika hataza aende Munich. Concord ningempa mtu mmoja tu: mwenye wateja wanaouza au wanaotaka kuuza Marekani, au anayepima kama arudi huko kwa shahada ya uzamili.

Na kama ni shahada unayoitaka hasa, usijidanganye kwa wiki mbili. Africa University ya Mutare, Zimbabwe, ina shahada ya uzamili ya miliki ubunifu tangu 2008, kwa ushirikiano wa WIPO na ARIPO, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimeingia kwenye njia hiyo. Huko ndiko Itifaki ya Harare inakosomwa kwa kituo na si kwa kupita. Cheti cha semina ya kiangazi, hata kikiwa na nembo ya Umoja wa Mataifa, hakikufanyi wakala wa hataza mbele ya ofisi yoyote.

Kwenye barua ya maombi, usiandike kwamba una shauku na miliki ubunifu; kila mwombaji anayo. Andika tatizo moja ulilo nalo mkononi: faili la alama ya biashara lililokwama, kikundi cha wasanii wa singeli wanaodai mirabaha yao, ushirika wa wakulima wa kahawa wanaotaka jina la mlima wao lisitumiwe na wengine. Sema nini kilikosekana ulipolishughulikia na somo gani la programu hiyo litakijaza. Kama ukisoma ratiba yao hulioni somo hilo, umeshapata jibu kabla ya kulipa ada ya viza.